Mradi wa gari ya sare: daftari la ukaguzi, Mtwara

Jumamosi, 5 Julai 2025

Naanza kuandika leo ili hela isije ikaisha nikabaki najiuliza imeenda wapi. Mi nashona sare za shule hapa Mtwara mjini, cherehani nne, mabinti watatu na mimi wa nne, wateja wengi wako huko juu Nanguruwe, Tandahimba mpaka Newala, na mzigo siku zote natuma kwa basi. Desemba iliyopita kiroba kimoja kilishushwa kituo siyo, kikalala nje, mvua ikanyesha usiku kucha, sketi za bluu zikachuja rangi ikaingia kwenye mashati meupe yaliyokuwa humohumo. Mashati arobaini na mbili. Nilishona upya bila kulala na faida yote ya shule ile ikaishia hapo. Nikasema mwakani Desemba hainikuti bila gari.

Hela iliyopo ni 10,500,000. Siyo ya gari peke yake, ni ya gari, karatasi, bima na kurekebisha vitakavyokutwa vimeoza, kwa hiyo gari yenyewe isizidi milioni tisa na nusu na ikiwa chini ya hapo ndo nalala vizuri.

Kila mtu ananiambia chukua Probox, ile ya mzigo isiyo na buti la kujitenga. Nimeziuliza, bei zimesimama kama minazi kwa sababu kila mwenye duka anaitaka, halafu mzigo wangu ni nguo, nguo haipendi vumbi wala macho ya watu. Nataka gari ndogo yenye buti linalojifunga lenyewe, injini isiyozidi cc 1500 au kidogo tu juu ya hapo, spea zake ziwe zinapatikana hapahapa Mtwara nisisubiri basi la Dar. Hapo unabaki na Belta, Platz, Premio na Allion za zamani, Axio ukibahatika, Tiida Latio kama una roho ngumu.

Mjomba amekubali kunisindikiza. Ameendesha malori ya korosho miaka na miaka mpaka magoti yalipomgomea, na kwetu mjomba akisema hapana ni hapana, kwa hiyo nimemwambia kabisa, mjomba ukiona haifai we kohoa tu mi nitaelewa. Akanijibu, "Mpwangu, gari ya pwani haikaguliwi umesimama, inakaguliwa umelala chini." Nimeiandika ukurasa wa kwanza.

Jumatatu, 7 Julai

Leo nimekaa na hesabu ya kuagiza Japani, maana kuna rafiki yangu kanishika sana masikio kwamba gari ya mkononi ni kununua shida za mtu.

Iko hivi. Kodi inaanza na ushuru wa forodha 25% juu ya bei ya gari ikiwa na usafiri wa meli na bima. Halafu ushuru wa bidhaa unaangalia ukubwa wa injini, chini ya 1000 haulipi, kuanzia 1000 mpaka 2000 ni 5%, juu ya hapo 10%. Hapo ndo nimeelewa kwa nini mjini kumejaa vigari vya 996cc, siyo bahati mbaya. Halafu kuna ya uchakavu, gari ikizidi miaka kumi unaongezwa 30%, na VAT 18% inakuja mwisho kabisa inakaa juu ya vyote. Nimepiga kwa shilingi mia ili nisichanganyikiwe: gari ya mia moja, 1300cc, ya 2008, ushuru unaifanya 125, ongeza ile 5% na ile 30% unafika karibu 169, VAT juu yake unafika 199. Yaani kodi peke yake ni kama bei ya gari nyingine, na bado TRA wana bei zao za thamani, siyo lazima wakubali risiti yako, na bado vitozo vidogovidogo na mtu wa kukutolea bandarini na mafuta ya kuileta huku kilometa mia tano na ushee.

Kwa hela yangu haiwezekani. Labda niagize tairi na usukani.

Kwa hiyo ni ya mkononi. Na mjomba anasema tununue sasa hivi, hela ya ufuta inazunguka lakini siyo kama ya korosho, ikifika Oktoba minada ikianza madalali wote wanakuwa wafalme.

Jumamosi, 12 Julai. Gari ya kwanza

Premio, namba ya usajili ya C, injini 1.8, rangi ya fedha, dalali anaomba milioni tisa na laki mbili. Picha zake kwenye simu zilikuwa kali kweli, inang'aa kama sufuria jipya. Tumeikuta imepaki kwenye kivuli cha mwembe imeoshwa na bado ina matone. Mjomba hakuangalia hata bodi, akaenda moja kwa moja akaweka kiganja juu ya boneti, akakohoa. Ya moto. Mtu anayekuuzia gari akikuwashia kabla hujafika ujue kuna kitu kinachoamka vibaya asubuhi.

Sasa mimi fundi gari siyo, lakini mshono naujua. Nikatoa futi kamba yangu kwenye mkoba nikapima ule mwanya kati ya boneti na fenda. Kulia milimita nne. Kushoto tisa upande wa kioo, unakuja unabanana mpaka tatu karibu na taa. Nimeshona miaka kumi na nne, kola ikikaa hivyo ujue imefumuliwa ikarudishwa na mtu mwenye haraka. Nikachukua sumaku, ile ya kuokotea pini zikidondoka chini, nikaizungushia kitambaa nisichubue rangi, nikaanza kuipitisha. Mlango wa dereva, inanata. Mlango wa nyuma, inanata. Fenda ya kushoto, inateleza mpaka chini inaanguka kwenye mchanga. Nikajaribu tena juu kidogo, ikaanguka tena. Fenda nzima ni puti, ule udongo wa kuzibia bodi, iliyopakwa rangi.

Dalali akasema "dada ni mkwaruzo tu wa bodaboda". Sawa, mkwaruzo.

Fundi wangu (nimekubaliana naye 20,000 kwa kila gari, akija na mashine ya kupimia 30,000) akamwambia weka swichi lakini usiwashe. Hili sikulijua na ni la bure kabisa. Ukiweka swichi kabla injini haijawaka taa zote za dashibodi lazima ziwake, ya injini, ya oili, ya betri, ya breki, ya airbag, halafu ukiwasha zinazima moja moja. Ya airbag haikuwaka hata kidogo. Haina maana kwamba airbag ni nzima, ina maana taa imeuliwa ili isiseme. Fundi akapapasa pale katikati ya usukani, kifuniko kimegandishwa kwa gundi. Airbag ilishafumuka siku ile ya "bodaboda".

Kijiti cha oili kilikuwa chini kabisa, na fundi anasema zile 1.8 za namna ile, injini ya 1ZZ, zikishachoka zinakunywa oili kama mtu wa ngoma. Hatukuendesha hata.

Nimetumia: bodaboda mbili 3,000, fundi 20,000, soda za watu 2,400.

Jumatano, 16 Julai

Hamna gari leo. Nimepokea meseji kumi na moja za madalali na zote zinafanana, injini safi, AC inagandisha, haina deni la fundi, ni kuweka mafuta na kuondoka, ilikuwa ya mama mwalimu, sababu ya kuuza shida binafsi, maongezi yapo. Nimemuuliza mmoja huyo mama mwalimu anafundisha shule gani, hajajibu mpaka saa hii.

Jumapili, 20 Julai. Gari ya pili, Lindi

Tumepanda kosta asubuhi na mjomba tukaenda Lindi mjini, ni kama kilometa mia hivi, kwa ajili ya Belta ya 2007 yenye injini ya 996cc, anaomba milioni saba na nusu. Bei hiyo ilinifanya nisilale.

Mwenye gari mtu mzima, mstaarabu, akatukaribisha vizuri na hakuficha kitu, ndo maana leo sina hasira. Anachukua pweza na samaki asubuhi anapeleka Masasi. Gari imewaka ikiwa baridi kabisa, ikatetemeka (injini ni silinda tatu, lazima itetemeke kidogo, usiogope) ikatulia baada ya dakika moja. Mashine ya fundi wa palepale haikuonyesha kosa lolote. AC baridi. Ndani kuna harufu ya samaki lakini hilo limao na jua vinamaliza. Nikaanza kuiona yangu.

Mjomba akatandika kanga yangu chini akalala.

Alikaa huko chini muda mrefu mpaka nikadhani amesinzia. Akaniita, "Hebu njoo uone mpwangu, usiambiwe." Nikalala pembeni yake. Kutoka kwa mbele mpaka katikati ni kutu ya kawaida, ile ya kahawia ya juujuu, gari gani ya pwani haina. Lakini chini ya buti, pale linapokaa tairi la spea, bati limevimba likawa na matabaka kama chapati za maji zilizopangwa. Akachukua bisibisi akagusa tu, hakupiga, akagusa. Ikaingia mpaka kwenye mpini. Ukiangalia juu unaona mwanga wa buti.

Maji ya barafu ya samaki. Miaka minne yanayeyuka humo kila siku, yana chumvi, yanatafuta njia ya chini, yanakaa kwenye kile kishimo cha spea kwa sababu plagi ya mpira ya kutolea maji imeziba. Na kutu imeshatembea kwenye zile nguzo mbili za nyuma zinazobeba springi. Fundi akasema kuchomelea inawezekana lakini unachomelea bati kwenye hewa, hakuna pa kushikia. Ni kama kushona kiraka kwenye kitambaa kilicholiwa na mende, sindano inapita lakini uzi haukai.

Nilimwonyesha mwenyewe. Akachungulia, akacheka akasema "kumbe ndo maana siku hizi inalia nyuma", akaenda kutuangulia madafu. Sijui kama atapunguza bei kwa atakayefuata au atanyamaza.

Nauli mbili kwenda na kurudi, fundi wa Lindi 15,000, na siku nzima ya kazi ya cherehani. Nimejifunza kwamba gari kuwaka vizuri na gari kuwa nzima ni vitu viwili.

Alhamisi, 24 Julai

Haraka haraka. Allion ya 1.5, nzuri, gari ya tatu. Nimeomba kadi kabla sijaomba funguo. Kanionyesha fotokopi. Ya asili iko wapi? "Ipo kwa watu." Watu gani? Akazunguka zunguka, mwisho kadi iko kwa wakopeshaji, ile mikopo ya kausha damu, nimlipe yeye kwanza halafu aende akaikomboe. Nimempa pole na nimeondoka. Fundi sijamwita, hela imebaki.

Jumamosi, 2 Agosti. Gari ya nne

Axio, namba D, milioni nane na nusu. Wenye Axio mnajua hiyo bei siyo ya Axio. Mjomba tangu mvua za 2024, barabara ya Kusini ilipokatika pale Somanga baada ya kimbunga Hidaya, kila gari ya bei ya chee anaishuku maji. Mi nikaona anazidisha.

Nje safi. Sumaku inanata kila mahali, mianya sawa kulia na kushoto, nilipima mara mbili. Injini 1NZ, ile 1500 ambayo kila fundi wa hapa anaifumua amefumba macho, ina mnyororo siyo mkanda kwa hiyo huna kiama cha kubadilisha mkanda wa taimingi. Imewaka vizuri. Ndani imewekwa pafyumu mbili, moja kwenye kioo na moja chini ya siti, nikasema hawa wanaficha sigara.

Mjomba akakaa siti ya nyuma akaanza kuvuta mkanda. Anauvuta taratibu, unatoka, unatoka, mpaka mwisho kabisa pale ambapo hakuna mtu anayefikaga. Juu mkanda mweusi safi. Mita ya mwisho ina mstari, hapa rangi ni ya kijivu kama ulitumbukizwa kwenye uji, na ukikwangua kwa kucha vumbi laini la tope linadondoka. Mtu ameosha zulia, ameosha siti, amepuliza pafyumu, mkanda kausahau kwa sababu huwa umejikunja ndani. Fundi akafungua bolti moja ya siti, kutu. Chini ya zulia waya zina plagi zimeota ukungu wa kijani. Mashine ikaonyesha haina kosa lakini fundi akasema angalia hapa, kumbukumbu zimefutwa siku za karibuni, gari bado haijamaliza kujipima yenyewe, kwa hiyo kusema haina kosa hapa haina maana yoyote.

Nilikasirika kuliko siku zote maana hii ndo niliyoitaka. Njiani mjomba akaninunulia ming'oko ya kuchemsha, akanyamaza, na yeye akinyamaza ndo anabembeleza.

Fundi na mashine 30,000. Mpaka sasa utafutaji umekula 143,000 na sina gari.

Jumanne, 5 Agosti

Mteja wangu mmoja kaja kuchukua magauni ya kwaya, nikamsimulia, akaniambia kuna mwalimu mstaafu kule Ligula anauza Belta hajampa dalali. Nikacheka nikasema mama mwalimu wa kwenye matangazo? Akasema siyo mama, ni baba. Akamtaja jina.

Kanifundisha hesabu sekondari.

Jumamosi, 9 Agosti. Gari ya tano

Shikamoo mwalimu. Marahaba, karibu, we si ulikuwa unakaa dirishani? Kanikumbuka. Hapo nilishajua bei leo haipungui maana mtu aliyekuchapa kwa kukosa jedwali la saba utamwambiaje gari yako imechoka.

Belta ya 2008, 1.3, SCP92 kwenye chesisi. Kilometa 128,000 kwenye dashibodi, na hapa nimeziamini kwa mara ya kwanza kwa sababu mwalimu ana daftari. Daftari kabisa la mistari, kila oili aliyomwaga, tarehe, kilometa, fundi, bei. Ana risiti zimebandikwa kwa gundi ya unga. Kadi ya asili ipo, jina lake, kitambulisho cha NIDA jina lilelile. Tumeingiza namba ya gari kwenye mfumo wa faini za trafiki kwa simu, kuna deni moja la 30,000, mwendokasi. Mwalimu akashtuka zaidi yetu. Akasema "huyo atakuwa mtoto wangu", akainuka akampigia palepale akamgombeza dakika tano huku sisi tunaangalia kuku.

Boneti baridi. Imewaka, mnyororo ukapiga kelele sekunde moja ukanyamaza, fundi akasema ya kawaida. Taa zote zimewaka, zote zimezima. Mikanda nimeivuta mwenyewe yote mitano mpaka mwisho, safi. Sumaku inanata isipokuwa kona ya bampa ya nyuma, na bampa ni plastiki, nilijisahau. Chini: kutu ya juujuu, nguzo ngumu, bisibisi inagonga inarudi. Mjomba akatoka huko chini hajakohoa. Akasema tu, "hii imelala ndani ya uzio."

Halafu nikaleta kitu ambacho wote waliniona kichaa. Kiroba changu. Nilikuja nacho kwenye bodaboda, seti sitini za sare zimekunjwa kama ninavyokunja za kupeleka Tandahimba. Buti la Belta linaonekana dogo kwa nje lakini ni refu kwenda ndani, kiroba kimoja kikaingia kimelala, pembeni pakabaki nafasi ya kingine kikisimamishwa. Ukilaza siti za nyuma cha tatu kinapita kwa kusukuma. Seti mia na themanini safari moja. Kwa basi hiyo ilikuwa viroba vitatu, tiketi tatu, na roho yangu juu mara tatu.

Mabaya yake sasa, maana lazima yawepo. Shokapu za mbele zimevuja, ukibonyeza bumpa inadunda kama godoro. Stablaiza linki inagonga kwenye rasta, vile vituta vidogo vya barabarani. Tairi mbili za nyuma zimeandikwa 3116, zile namba nne za mwisho ni wiki na mwaka, yaani wiki ya 31 mwaka 2016, kashata (meno ya tairi) bado zipo lakini mpira umepasuka nyufa kama kisigino. Rangi ya paa imeungua na jua. Na gia boksi yake ni CVT, otomatiki isiyo na gia za kubadilika, ambayo fundi aliniambia tangu mwanzo hiyo ndo ya kuogopa kuliko injini, ikifa unanunua nzima, na watu wanaiua kwa kuwekea ATF, oili ya otomatiki za kawaida, wakati ina oili yake ya CVT. Nikafungua daftari la mwalimu. Imeandikwa, kilometa 94,000, "oili ya CVT lita 4", na risiti.

Jumapili, 10 Agosti. Kuiendesha

Nimemwomba mwalimu niijaribu kwa mafuta yangu, akasema na mimi nakuja. Kwa hiyo tulikuwa wanne, mimi, mwalimu mbele, mjomba na fundi nyuma, yaani uzito uleule wa viroba vyangu. Tumejaza tanki mpaka pampu ikajikata, tukapita Naliendele, Nanguruwe, mpaka lami ya Mnivata inapoishia, tukageuza.

Kwenye kupanda nilisikiliza ile CVT kwa masikio yote. CVT haina gia unazozisikia zikibadilika, injini inapanda sauti inakaa palepale kama mtu anavuta pumzi moja ndefu, na gari inaendelea kukimbia. Ikiumwa inatetemeka ukiondoka mwendo mdogo, au inalia kama nzi chupani. Hii ilikuwa kimya. Kutoka D kwenda R haikupiga teke. AC ikiwa imewashwa na watu wanne ilipungua nguvu kidogo na kwenye kuovateki lori nikaona hapana, nikatulia nyuma yake. Kwa mlima mrefu wa Newala ile ya 996cc ingeniaibisha, hii itafika ila isihimizwe. Mwendo wa 80 usukani umenyooka, nikiachia mikono inavuta kushoto kidogo, fundi anasema ni kupimwa alaimenti.

Kurudi tukajaza tena pampu ileile mpaka ijikate. Kilometa 104, lita 6.7. Nikaandika kilometa 16.5 kwa lita. Mwalimu akachungulia karatasi yangu akasema, "Andika vizuri, 104 gawanya kwa 6.7 ni kumi na tano nukta tano na ushee." Kweli. Miaka ishirini na bado napata mkasi wa kosa kwenye daftari. Kwa petroli ya huku inayocheza karibu elfu tatu, na kila Jumatano ya kwanza ya mwezi EWURA wanaibadilisha, ni kama mia mbili kila kilometa. Tandahimba kwenda na kurudi inalipika.

Jumatano, 13 Agosti. Bei

Anaomba 9,700,000. Mi sikuweza kufungua mdomo. Niliandika orodha ya fundi kwenye karatasi safi nikampa mjomba, nikaenda kukaa jikoni na mke wa mwalimu nikamsaidia kuchambua mchele.

Orodha: shokapu za mbele jozi 180,000. Linki 40,000. Tairi mbili 240,000. Oili ya injini na filta 75,000. Oili ya CVT, maana toka 94,000 imeshatembea, 140,000. Ufundi 60,000. Jumla 735,000.

Nawasikia sebuleni. Wanazungumzia korosho, kiuatilifu, magoti. Robo saa nzima hakuna aliyetaja gari. Halafu kimya, karatasi inasikika ikikunjuliwa, na mwalimu anajumlisha kwa sauti, kama vile anatafuta nilipokosea. Hakupata kosa, hakuna. Akasema "hapa amepata vyote". Mjomba akasema basi mwalimu, mpe alama zake.

9,050,000.

Ijumaa, 22 Agosti

Mkataba tumeandikishana kwa mwanasheria, hela imepita benki siyo mkononi, kuhamisha umiliki TRA kumeanza, vyote hivyo 200,000. Faini ya mtoto wa mwalimu kalipa mtoto. Bima ndogo 118,000. Ukijumlisha na matengenezo nimefika 10,103,000, na ule utafutaji wa 143,000 pamoja na mafuta ya majaribio bado kuna kitu kidogo kimebaki kwenye kibubu. Shokapu zimefungwa. Linki tumefunga lakini bado kuna kamlio kulia mbele, fundi anasema bushi, nimempa mpaka Jumatatu.

Jumamosi, 30 Agosti

Siti zilikuwa zimechanika pale dereva anapokaa. Dukani kava wanataka 120,000, nikaona huu ni utani, nina marobota ya khaki yamebaki ya kaptula. Nimekata jana usiku, leo asubuhi nimeshona, mishono miwili miwili, mifuko nyuma ya siti ya kuwekea risiti. Mabinti wakaongeza ukosi wa bluu juu ya vile vya kichwa.

Nimempitia mjomba kumpeleka safari ya kwanza Tandahimba, viroba viwili kwenye buti. Akafungua mlango, akaangalia siti, akaangalia dashibodi, akaniangalia mimi.

"Mpwangu, hii imeshaanza darasa la kwanza?"

Kile kimlio cha kulia bado kipo.